Kupanda Usambara matope yangali mabichi: namna ya kuchagua viatu, mkongojo na mzigo

Mwishoni mwa Mei, masika yakianza kuchoka, sisi watu wa Tanga mjini huanza kuangalia upande wa bara. Siku isiyo na mawingu unaiona Usambara imejilaza kule nyuma ya minazi na mashamba ya mkonge, unatamani. Ndipo simu yangu inapoanza kulia, na swali huwa lile lile: dada, nivae nini?

Nimezoea kupanda huko na marafiki zangu, wengi wetu wa Makorora na Chumbageni, watu wa pwani ambao kilima kirefu tulichokulia ni ngazi za shule. Tumeanguka vya kutosha. Kitu kimoja nilichokipata katika kuanguka huko ni hiki: wauzaji na picha za mtandaoni hukuuzia vifaa vya kupandia, wakati wewe unahitaji vya kushukia. Ukipanda unasumbuliwa na pumzi, na pumzi ukikaa kwenye gogo dakika tano inarudi. Ukishuka, udongo umelowa, magoti yamechoka, na kila hatua uzito wako wote unaangukia kwenye kiatu kimoja. Basi kila kitu utakachokishika sokoni kiulize: kushuka kitanisaidiaje?

Hatua ya kwanza: jua unakwenda Usambara ipi

Ziko mbili, zimetenganishwa na bonde la Lwengera. Ya mashariki ndiyo ya Muheza: Amani, Magoroto na misitu ya jirani. Imeikaribia bahari, kwa hiyo upepo wenye unyevu huifikia mwanzo. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata ile miezi tunayoiita ya kiangazi msitu haukauki barabara. Siyo juu sana. Lango la Zigi, la kuingilia hifadhi ya Amani, liko kama mita 450 kutoka usawa wa bahari, na Amani yenyewe kama mita 900. Ya magharibi ni ya Lushoto. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,400 hivi, na ukipanda Magamba unavuka mita 2,200.

Hesabu ya baridi ni rahisi: kila ukipanda mita 1,000, toa nyuzi 6. Tanga ikiwa nyuzi 28, kwenye mita 2,000 tarajia 16, na hiyo ni kabla ya upepo na nguo mbichi. Usiku wa Juni na Julai Lushoto si mahali pa kulala na shuka moja.

Kwa hiyo mashariki ni joto na maji, magharibi ni baridi na ukungu. Mashariki unataka kiatu kinachotema maji haraka. Magharibi unataka kiatu kinachotunza joto, na nguo ya ziada ndani ya begi. Mwenye pesa ya seti moja tu aniamini mimi, anunue ya mashariki. Huko ndiko kunakoteleza zaidi, na baridi ya Lushoto unaweza kuitibu kwa sweta la mtumba.

Jambo la pili la kuamua kabla ya kutoa pesa ni saa. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, nasi safari zetu nyingi ni hivyo hivyo: alfajiri stendi ya Kange, asubuhi Muheza, jioni nyumbani. Panga uwe umeanza kushuka saa saba mchana. Msituni giza huingia kabla ya jua kuzama, na ukungu wa alasiri hulowesha mawe hata pasipo mvua. Wenzetu wa Ulaya wanaopanda milima ya Alps kwa mbao za ski wakati theluji inaanza kuyeyuka nao wana kanuni kama hiyo. Huanza usiku bado, kwa sababu theluji iliyoganda usiku huwabeba vizuri asubuhi, na ikifika mchana inakuwa uji na inaweza kuporomoka. Theluji sisi hatuna, ila hesabu ya saa tunashirikiana nao.

Hatua ya pili: viatu

Hapa tutakaa kidogo. Ukiwa na shilingi mia moja ya kutumia, hamsini ipeleke miguuni.

Kwanza elewa kwamba njia ya Usambara ina sakafu mbili zisizopatana. Ya kwanza ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao ukilowa unakuwa kama mtu kaumwagia mafuta. Ya pili ni mawe na mizizi yenye ukungu wa kijani juu yake. Matope yanataka soli yenye meno marefu yanayozama. Jiwe linataka mpira laini unaong'ang'ania. Ukichagua kwa ajili ya kimoja na kusahau kingine, utaadhirika.

Tulikuwa na kijana mmoja aliyekuja na njumu za kuchezea mpira. Tulimcheka kituoni. Kwenye matope akatuacha wote, akawa anatusubiri kwenye kona huku anapiga mluzi. Tulipofika kwenye kijito cha kwanza, chenye mawe mapana, alikanyaga jiwe moja tu na zile njumu ngumu zikamwacha. Akakaa ndani ya maji na begi lake mgongoni. Alivuka kwa magoti, na njia iliyobaki alitembea pembeni kwenye majani.

Soli basi ipimwe hivi. Meno yawe na kina kisichopungua njiti mbili za kiberiti zilizolazwa moja juu ya nyingine, yaani milimita 4 au 5. Nafasi kati ya jino na jino iruhusu ncha ya kidole chako cha mwisho kuingia. Meno yakisongamana, mfinyanzi utajaa katikati, na baada ya hatua kumi utakuwa umevaa sahani. Kisha bonyeza mpira kwa ukucha. Ukibonyea kidogo na kurudi, ni mzuri. Ukiwa mgumu kama bakelaiti, hautashika jiwe hata kama meno yake ni ya mamba. Mwisho angalia kisigino: kiwe na ukingo uliokatwa wima mbele yake, maana ndio unaokuzuia kama breki unaposhuka. Raba nyingi za mjini soli yake ni bapa kuanzia kidoleni hadi kisiginoni. Hizo ziache mjini, kwa matembezi ya Raskazone.

Aina ziko tatu za kufikiria.

Gambuti ndizo wanazovaa wakulima wenyewe kule juu, na usiwadharau, wanajua wanachofanya. Haziruhusu maji kuingia kwa pembeni, zinaoshwa kwa ndoo moja, na bei yake haikutishi. Kasoro yake ni kwamba mguu unaogelea ndani. Ukishuka, vidole vinagonga mbele. Kisigino kinapanda na kushuka mpaka kinatoa lengelenge. Maji yakikupita juu ya mguu wa gambuti, unabeba ndoo mbili. Kwa mwendo wa saa moja mbili kwenye njia za mashamba, sawa. Zaidi ya hapo, labda uwe umepata saizi inayokubana ukiwa na soksi mbili.

Raba za kukimbilia milimani, zile nyepesi zenye kitambaa cha matundu na soli ya meno, ndizo ninazozipenda kwa Amani na Magoroto. Zinalowa, ndiyo, lakini zinakauka zikiwa mguuni. Watu wengi wanadhani kiatu kisichopitisha maji ndicho bora. Kwenye joto la mashariki maji huingia kwa juu, kupitia soksi, au ni jasho lako mwenyewe, na kile kitambaa kilichozuia maji yasiingie kinayazuia pia yasitoke.

Buti za mlima zinazofunika kifundo cha mguu ni za Lushoto, za mwendo wa siku mbili tatu kuelekea Mtae, na za mwenye kifundo kilichowahi kuteguka. Ni nzito. Uzito wa mguuni huchosha kuliko uzito ule ule ukiwa mgongoni, kwa sababu unauinua kila hatua.

Buti nyingi tunazozipata ni za mtumba, na hapa kuna mtego ambao umenila mimi mwenyewe. Mwaka mmoja nilipata Ngamiani buti nzuri mno, ngozi nzima, soli meno yote yapo, kama mwenyewe alizivaa mara mbili akaziweka kabatini. Nikazinunua kwa furaha. Katikati ya njia, nikishuka, soli ya mguu wa kushoto ikafunguka kama mdomo wa chewa. Nusu saa baadaye ya kulia ikamfuata mwenzake. Niliporudi nikazipeleka kwa fundi viatu wangu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Akaingiza kidole, akatoa unga.

"Mwanangu, hiki kiatu kilikufa zamani. Wewe umekinunua maiti."

Alinieleza, na baadaye nikasoma, kwamba ile sponji iliyo kati ya ngozi na soli kwenye buti nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani, na poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole. Baada ya miaka kadhaa huvunjika yenyewe, hata kiatu kisipovaliwa. Tena kinachokaa kabatini huharibika kama kinachotumika, au kumzidi. Kwa hiyo buti ya mtumba iliyo mpya-mpya inatia shaka kuliko iliyochakaa kidogo.

Ipime hivi kabla ya kutoa pesa. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, kwa nguvu, pembeni, kuzunguka kiatu chote. Ikiacha shimo lisilorudi, au ikionyesha nyufa nyembamba kama udongo uliokauka, au ikitoa unga, rudisha mezani. Kunja kiatu: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati ya unyayo, hicho ni kandambili yenye ngozi. Shika kisigino kwa nyuma ukiminye, kiwe kigumu. Chungulia mshono wa ulimi. Muuzaji akikuharakisha, ujue.

Kikipita mtihani huo, kipeleke kwa fundi akizungushie mshono wa uzi wa nailoni kwenye soli, kabla ya safari. Gundi peke yake haimalizi masika. Fundi mzuri anapitisha sindano ndani ya mfereji wa soli ili uzi usisagwe na mawe. Mwambie waziwazi unakwenda nacho mlimani.

Saizi. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za siku, na soksi utakayoivaa. Usifunge kamba. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kisha ingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia kwa kubanwa kidogo, hiyo ndiyo saizi yako. Halafu funga kamba, tafuta mteremko wowote, hata ubao wa kupakilia mizigo, simama juu yake ukiangalia chini na ujipigepige. Vidole vikigusa mbele, kiatu hicho kitakuondolea kucha. Kweli kabisa, mimi zimenitoka mbili.

Soksi zisiwe za pamba. Pamba ikilowa hulala na maji na kukuchubua. Nunua soksi ndefu za wachezaji mpira. Ni za nailoni, zinakauka upesi, na urefu wake una faida nyingine ambayo tutaifikia kwenye siafu. Paka miguu mafuta ya mgando katikati ya vidole na kisiginoni kabla ya kuvaa. Ngozi iliyopakwa haivimbi maji haraka.

Hatua ya tatu: mkongojo

Watu wa mjini huona haya kushika fimbo, wanadhani ni ya wazee. Kwenye mteremko wa mfinyanzi fimbo ni mguu wa tatu, na mbili ni bora kuliko moja.

Mwanzi mkavu ndio chaguo langu: mwepesi, hauvunjiki ghafla, na kule juu wanakupa bure au kwa bei ya chai. Kata chini kidogo ya fundo, ili ncha iwe imeziba. Ukikata katikati ya pingili, ule uwazi unajaa udongo. Urefu wake: simama wima, shika fimbo, kiwiko kikunjike pembe mraba. Kisha ongeza kiganja kimoja juu, kwa sababu ukishuka unaishika juu zaidi. Funga kitambaa pale unaposhika. Usijifunge kamba ya mkono kwenye mteremko. Ukianguka unataka fimbo ikuache.

Niliwahi kukuta kwenye mtumba fimbo mbili za ski, za bati jepesi, zenye kisahani karibu na ncha. Nikazinunua kwa udadisi. Kisahani kile wenzetu wamekiweka ili fimbo isizame kwenye theluji, na nimegundua kwamba hata mfinyanzi wa Magoroto unakiheshimu. Kupima urefu wake wanaigeuza juu chini na kushika chini ya kisahani, kiwiko kikiwa pembe mraba. Ukiziona, chukua, lakini usizitafute kwa tochi, mwanzi unatosha.

Hatua ya nne: mvua na nguo

Usivae jinzi. Ikilowa inakuwa nzito, inabana goti, na haikauki mpaka kesho kutwa. Suruali ya michezo au ya kitambaa chepesi cha nailoni inatosha. Kina dada, kanga moja iwe juu ya begi: mnapita vijijini, mnapita misikitini, na kanga hiyo hiyo ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kamba ya kumfunga mtu kifundo.

Kwenye mitumba utakutana na jaketi za theluji. Ni nzuri kuangalia, rangi kali, mifuko kumi na moja, na bei yake inashawishi. Ziache. Zimejazwa pamba za plastiki kwa ajili ya baridi ya chini ya sifuri. Ukipanda nayo kutoka Zigi utatoka jasho mpaka ulowe kwa ndani, na mvua ikipata upenyo ile pamba inainywa yote. Unachotaka ni koti la mvua lisilo na kitu ndani, lenye kofia. Ligeuze upande wa ndani uangalie mishono. Ikiwa imefunikwa kwa utepe, vizuri. Utepe ukiwa unabanduka, au kitambaa cha ndani kinamenyeka kama ngozi iliyoungua jua, koti hilo limemaliza kazi yake. Jaribu pia kulipulizia kwa mdomo ukiwa umelibana kwenye midomo; pumzi ikipita, maji nayo yatapita.

Mwavuli una nafasi yake. Kwenye barabara ya gari ya kupanda Amani, mvua ikinyesha wima, hakuna kinachouzidi, na hupati jasho la koti. Ndani ya msitu kwenye njia nyembamba ukunje, maana mkono mmoja ni wa mkongojo na mwingine ni wa kushika miti.

Kwa Lushoto ongeza sweta jepesi la manyoya, kofia ya kufuma na fulana ya kubadilisha. Fulana kavu ukifika kileleni ina thamani kuliko koti la gharama juu ya fulana mbichi.

Hatua ya tano: begi

Begi la safari ya siku moja lisizidi lita 25. Ukinunua kubwa utalijaza, binadamu ndivyo tulivyo. Likiwa na maji, uzito usivuke kilo 6. Mkanda wa kiunoni ni lazima, hata ukiwa mwembamba, kwa sababu ukishuka begi linaloyumba linakusukuma upande usioutaka.

Usiamini neno la muuzaji kwamba begi halipitishi maji. Weka mfuko ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini ule mfuko mzito wa ndani unaokuja na gunia la sukari unafaa sana: uoshe, ukaushe, uutandaze ndani ya begi, na mdomo wake uuzungushe mara tatu na kuukunja. Simu na fedha ziingie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

Ndani mwake: maji lita 2, tende au mkate wa ajemi, na machungwa. Msimu huu Muheza imejaa machungwa, kwa hiyo yanunue pale pale badala ya kuyabeba kutoka mjini. Tochi ya kichwani, hata kama unarudi mchana. Pakiti mbili za chumvi na sukari za kutibu upungufu wa maji. Na vitu viwili ambavyo watu hunicheka navyo: kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa ukanda mrefu, na mita tatu za kamba ya katani, yaani nyuzi za mkonge.

Mpira ni wa soli. Siku ile buti zangu zilipofunguka nilishuka kwa sababu mama mmoja wa kijijini alinifunga mpira kuanzia juu ya kiatu hadi chini ya unyayo, akaukaza kwa jino. Ulifika Muheza.

Katani ni ya utelezi. Ukikuta mteremko ambao hata soli nzuri imeshindwa, zungusha kamba mara mbili chini ya kiatu, katikati ya unyayo, uifunge juu. Nyuzi zake ni mbaya, zinakwaruza, na zikilowa zinavimba na kushika zaidi. Kamba ya nailoni inateleza, haikusaidii hapa. Nafurahi kila nikiifanya hivyo, kwa kuwa mkonge ni wetu: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta huku mwaka 1893, akaagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62 tu. Vilipandwa upande wa Pangani, na mashamba unayoyapita njiani yalianzia hapo.

Hatua ya sita: jaribu nyumbani

Tanga ni tambarare, sawa, lakini kila mtaa kuna anayejenga, na kila anayejenga ana lundo la kifusi chekundu. Omba ruhusa. Mwagia ndoo mbili za maji, vaa viatu, begi lenye uzito kamili, mkongojo mkononi, panda na ushuke mara ishirini. Watoto watakusanyika kukuangalia. Vumilia. Utajua pale pale kama meno yanatema udongo au yanaukumbatia, kama vidole vinagonga, kama begi linakuvuta. Kisha vaa viatu hivyo vikiwa vimelowa, tembea navyo saa nzima. Kiatu cha mtumba chenye sponji mbovu mara nyingi hujitaja siku hiyo, ungali karibu na nyumbani.

Usipande na kiatu ulichokinunua jana.

Hatua ya saba: njiani

Malipo ya kuingia hifadhi ya Amani yamalize langoni na uchukue mwongozaji wa pale. Anajua mti gani umeanguka wiki hii, na anajua mahali siafu wanapovuka.

Siafu hupenda njia baada ya mvua. Chomeka suruali ndani ya soksi zako za mpira, ndiyo faida niliyoisema. Ukiona mstari mweusi unatembea, ruka bila kusimama. Anayesimama kuwashangaa ndiye anayevua suruali mbele za watu.

Kabla ya kuanza kushuka simama, ufunge kamba upya. Zilegeze kidogo karibu na vidole, uzikaze kwenye kifundo, ili kisigino kirudi nyuma na kukaa hapo. Hii inachukua dakika mbili, na wengi hawaifanyi kwa sababu wameshaona basi akilini. Kisha shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea, mkongojo ukitangulia. Penye mteremko mkali shuka kwa kupinda kushoto na kulia.

Jihadhari na mawe ya kivulini karibu na vijito. Huko ndiko linakoota lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekaa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Leo linakaa madirishani dunia nzima. Hapa kwao linapenda jiwe lenye unyevu ambalo halioni jua, kwa hiyo ukiliona, lifurahie ukiwa umesimama kwa miguu yote miwili, halafu jaribu jiwe la mbele kwa fimbo kabla ya mguu.

Hatua ya nane: ukirudi

Usiku huo huo, kabla hujalala, piga viatu kisigino kwa kisigino, uvioshe kwa maji matupu na brashi ya nguo. Udongo mwekundu ukikaukia kwenye mshono unasaga uzi. Toa kitambaa cha ndani, legeza kamba zote, jaza magazeti makavu, viweke kivulini penye upepo. Usivianike juani na usiviweke karibu na jiko. Gundi inaachia na ngozi inapasuka. Asubuhi toa magazeti yaliyolowa, weka mengine. Huku kwetu pwani, kwa unyevu wa Juni, kazi hiyo huchukua siku tatu, na buti za ngozi nene hufika nne.

Mkongojo wa mwanzi usimamishe nyuma ya mlango, ncha ikiwa juu.